Jinsi ya kumpata shujaa mpya wa komiki anayestahili kitabu chake mwenyewe: mwongozo kamili

Ukitaka kujua kwa nini ni kazi kumpata shujaa mpya wa komiki, anza na hela. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Waandishi na wachoraji wote waliokuja baada yao wanaijua habari hiyo. Anayefanya kazi Marvel au DC, kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, kwa mkataba wa kawaida anajua kuwa mhusika atakayembuni leo ni mali ya kampuni, kwa hiyo wengi huandika Batman ili walipe kodi ya nyumba, na shujaa wao wa moyoni humficha mpaka wapate pa kumchapisha bila kumpoteza. Ndiyo maana rafu za kampuni kubwa zimejaa majina ya 1939, 1941 na 1962 yaliyovalishwa nguo mpya.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayemtafuta shujaa aliyezaliwa karibuni, asiye kivuli cha mwingine, na mwenye mabega ya kubeba mfululizo peke yake mwezi baada ya mwezi. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Kuna mashujaa watamu sana wakiwa kundini, lakini wape kitabu chao uone: toleo la tatu tu wameishiwa la kufanya.

Hatua ya kwanza: weka mpaka wa miaka

Mpaka wangu ni 1992. Mwaka huo wachoraji saba waliokuwa wakivuma Marvel, Todd McFarlane na Jim Lee wakiwamo, walianzisha Image Comics kwa msingi mmoja: anayembuni mhusika ndiye mwenye mhusika. Mwaka uliofuata ikaja Milestone, kampuni ya waandishi na wachoraji weusi wa Marekani, ambayo vitabu vyake vilichapishwa na kusambazwa na DC lakini wahusika wakabaki mali yake. Tangu hapo mtu mwenye wazo jipya ana pa kulipeleka. Ukipendelea kuanzia 2000 hakuna ubaya, ila utamkosa Hellboy wa Mike Mignola aliyetokea 1993, na hiyo ni hasara.

Hesabu mwaka mhusika alipotokea mara ya kwanza, usihesabu mwaka alipopewa kitabu. Mchukue Storm wa Marvel, ambaye kwetu ana undugu kidogo kwa sababu mama yake kwenye hadithi ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Alitokea 1975, akawa nguzo ya kundi la X-Men, akapewa hadithi fupi za peke yake mara kadhaa, lakini mfululizo wake wa kwanza usiopangiwa mwisho ulikuja 2014 na kufungwa toleo la 11. Mwaka 2024 akapewa mwingine, mwandishi wake akiwa Mnigeria, Murewa Ayodele. Kitabu ni cha juzi, mhusika ana nusu karne.

Kuhakiki tarehe, tumia Grand Comics Database, hifadhidata ya bure mtandaoni inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Tafuta jina la mhusika, kisha panga matoleo kuanzia la zamani zaidi. Dakika tano zinatosha, na zitakuepusha na ubishi wa bure.

Hatua ya pili: watenge warithi

Mrithi ni shujaa mpya aliyepewa jina la zamani. Kampuni zinawapenda kwa sababu jina linajiuza lenyewe. Wengine humtupa kila mrithi nje ya orodha, na hapo nadhani wanakosea, kwa kuwa kuna anayerithi jina tu na kuna anayerithi maisha mazima.

Miles Morales, aliyebuniwa na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli mwaka 2011, ni kijana mwenye haiba na familia inayopendeza kusoma. Lakini jina lake la kishujaa, Spider-Man, ni la Peter Parker, buibui ni yuleyule, na hata ami yake anayemtia matatani ni Prowler, jina lililokuwapo kwenye vitabu vya Spider-Man zamani. Nampenda. Kwenye orodha hii simwingizi.

Sasa mtazame Jo Mullein wa Far Sector, kazi ya N. K. Jemisin na mchoraji Jamal Campbell iliyoanza 2019 na kukamilika kwa matoleo 12. Ana pete ya Green Lantern, kikosi cha zamani cha DC cha walinzi wa anga, ndiyo. Lakini kapangiwa kazi mbali kabisa na dunia, kwenye jiji la watu bilioni 20 ambao hisia zao zimezimwa kwa teknolojia, na ametua hapo kupeleleza mauaji ya kwanza katika miaka 500. Mnyang'anye jina la Green Lantern, umwite askari wa kukodiwa tu, na hadithi inasimama vilevile. Huo ndio mtihani wa warithi: futa jina, uone kinachoanguka. Kisipoanguka kitu, mwache apite.

Hatua ya tatu: andika sentensi moja bila nguvu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua karatasi, umweleze shujaa kwa sentensi moja, usitaje nguvu zake, mavazi yake, wala shujaa mwingine yeyote. Kinachobaki ni shida yake. Kama shida hiyo ni ya kwake peke yake, umepata kitu. Ikiwa inaweza kuwa ya yeyote, au karatasi imebaki nyeupe, endelea na safari.

Nguvu mpya hazipo. Kuruka, kuwa na misuli, kusoma mawazo, kurusha umeme, kupona haraka: yote yalikwishatumika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Anayekutafutia shujaa wa kipekee kwa kukusomea orodha ya uwezo wake anakupotezea muda.

Jaribu na Jessica Jones, aliyeanza mwaka 2001 katika Alias ya Bendis na mchoraji Michael Gaydos: mpelelezi wa kujitegemea, mlevi, anakula kwa kufukua siri za watu huku ya kwake ameifukia. Sijataja nguvu, na tayari unataka kusoma. Jaribu na Mark Grayson wa Invincible, mfululizo wa Robert Kirkman na Cory Walker uliotoka 2003 hadi 2018: kijana anagundua kuwa baba anayemhusudu alikuja duniani kuiandaa itawaliwe na watu wa kwao. Ukitazama jalada utadhani ni nakala nyingine ya Superman, masharubu tu yameongezwa kwa baba. Nakala hiyo ni mtego. Kirkman alihitaji ujisikie nyumbani kwanza ili ukifika toleo la saba, baba anapowaua wenzake, uumie.

Na Static? Jina lake halisi ni Virgil Hawkins, mwanafunzi mweusi wa miaka 15 aliyekuwa kwenye ugomvi wa magenge siku polisi walipomwaga gesi iliyotiwa kemikali ya majaribio; waliopona walibadilika, na sasa lazima apambane na watu waliokuwa pamoja naye pale. Jina lake lilitokana na la Virgil D. Hawkins, Mmarekani mweusi aliyenyimwa nafasi ya kusoma sheria Chuo Kikuu cha Florida. Dwayne McDuffie na wenzake wa Milestone hawakuokota majina barabarani.

Linganisha na mashujaa wa miaka ya 1990 wenye bunduki kubwa na mikanda ya mifuko kila kiungo. Waandikie sentensi bila silaha uone kinachobaki.

Hatua ya nne: soma matoleo sita ukitafuta vitu vinne

Juzuu la kwanza kwa kawaida hukusanya matoleo matano au sita, kila moja likiwa na kurasa 20 na ushee za hadithi. Usihukumu kwa toleo la kwanza, maana la kwanza hung'arishwa ili liuze. Soma juzuu zima ukiwa na maswali haya.

Anaishi wapi? "New York" si jibu, nusu ya wahusika wa Marvel wanaishi huko. Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, aliyepewa kitabu chake Februari 2014 chini ya mwandishi G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona na mhariri Sana Amanat, anaishi Jersey City. Ukisimama ukingoni unaiona Manhattan ng'ambo ya mto Hudson, na minara yake yote. Mashujaa wakubwa wako ng'ambo ile. Upande huu haji mtu. Jiografia hiyo peke yake inakueleza kwa nini binti wa sekondari analazimika kuamka na kufanya kitu. (Ndiyo, jina la Ms. Marvel ni la kurithi, lakini mtihani wa hatua ya pili anaufaulu.)

Ana watu gani? Hapa namaanisha watu wa nyumbani na wa mtaani, wanaomsubiri na wanaomgombeza, wala si kundi la mashujaa wenzake. Kamala ana mama mkali wa muda wa kurudi nyumbani, baba mpole, kaka aliyeshika dini kuliko wote, na sheikh wa msikitini ambaye, badala ya kumkaripia, anamwambia kwamba kama ameshikilia jambo analoficha, basi alifanye kwa adabu na uadilifu. Vazi lake amelishona kutoka burkini, nguo ya kuogelea inayositiri mwili. Mwondolee familia na kitabu kinakufa. Hiyo ni dalili njema kabisa.

Adui wake ni nani? Adui mzuri hushambulia swali lilelile linalomtesa shujaa. Jambazi wa kwanza mkubwa wa Kamala ni kichekesho ukimtazama, nakala ya Thomas Edison yenye kichwa cha ndege, lakini anachofanya ni kuwashawishi vijana kwamba kizazi chao hakina faida yoyote ila kutumiwa kama betri. Binti ambaye hata nguvu zake zilipomjia alianza kwa kujigeuza mwanamke wa kizungu mwenye nywele za dhahabu, akiamini shujaa lazima aonekane hivyo, anahitaji adui wa namna hiyo hasa. Kwa Static ni vizuri zaidi: wabaya wake wengi ni wahanga wa gesi ileile, na yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.

Anakula nini? Swali hili watu hulidharau. Virgil anauza baga. Jessica anasubiri malipo ya wateja. Radiant Black wa Kyle Higgins na Marcelo Costa, aliyeanza Image mwaka 2021, ni mwandishi aliyeshindwa, madeni yamemzidi, amerudi kulala chumba cha utotoni kwa wazazi. Shujaa ambaye hela zake hazijulikani zinatoka wapi, na ambaye si tajiri kwa urithi, huwa mwandishi hajamfikiria vya kutosha.

Akipata matatu kati ya manne, mchukue. Akipata mawili, soma juzuu moja zaidi kabla ya kuamua. Chini ya hapo mwache kundini anakong'aa.

Hatua ya tano: wahesabu wageni

Marvel na DC wana tabia ya kumpelekea shujaa mpya mgeni maarufu ili mauzo yapande. Mgeni si kosa. Angalia tu anakuja kufanya nini. Kwenye toleo la 6 na la 7 la Ms. Marvel anaingia Wolverine, na wakati huo amepoteza uwezo wake wa kupona, hivyo inafika mahali Kamala anambeba mgongoni. Mgeni kaja, lakini steringi amebaki yuleyule. Kinyume chake ni kitabu ambacho kila shujaa mpya akibanwa, anatokea mkubwa fulani angani kumaliza ugomvi. Ukikuta hivyo mara mbili ndani ya juzuu moja, huyo hajawa tayari kutembea peke yake.

Hatua ya sita: uliza kama ana hadithi ya pili

Kuna shujaa wa kipekee kweli ambaye hadithi yake ni moja tu. The Sentry wa Paul Jenkins na Jae Lee, mwaka 2000, ni mtu mwenye nguvu zisizo na kifani ambaye dunia nzima imemsahau, na adui wake mkubwa kumbe ni yeye mwenyewe. Wazo zito. Lakini ukishaijua siri, umeimaliza. Kila walipojaribu kumrudisha, ilibidi wamvuruge akili upya kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumfanyia. Mtunze rafuni kama kitabu kimoja kizuri, usimdai mfululizo.

Naomi McDuffie wa DC, aliyeanza 2019, kidogo ana ugonjwa huo: matoleo yake sita ya kwanza yanaendeshwa na swali la yeye ni nani na alitoka wapi, Jamal Campbell anachora kwa namna ya kukufanya usahau kupumua, kisha jibu linapopatikana msichana anabaki amesimama. Wapo watakaonipinga hapa, na wana haki, maana alirudi tena 2022. Kwangu bado anadaiwa.

Njia rahisi ya kupima: ukifika mwisho wa juzuu la kwanza, funga kitabu, utaje mambo matatu yanayoweza kumpata shujaa huyu ambayo hayakutokana na fumbo la asili yake. Moon Girl, yaani Lunella Lafayette, mtoto wa miaka tisa wa New York mwenye akili kuliko watu wazima wote na rafiki aliye dainosa mwekundu, anakupa kumi: shule inayomboa, wazazi wasiomwelewa, kiburi chake, upweke, woga kwamba mwili wake utabadilika bila ruhusa yake. Si ajabu kitabu chake kilifika toleo la 47.

Hatua ya saba: tafuta pembezoni

Kwenye orodha za "mashujaa bora" utawakuta walewale. Angalia kwingine.

Kwanza, kwenye vichekesho. Squirrel Girl alibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Will Murray pamoja na Steve Ditko, mzee yuleyule aliyemchora Spider-Man wa kwanza, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa utani: msichana anayeongea na kindi. Mwaka 2015 Ryan North na Erica Henderson wakamchukulia kwa uzito. Akawa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anayemaliza ugomvi mwingi kwa kumuuliza adui anataka nini hasa. Ni nadra kupata shujaa ambaye ngumi ni chaguo la mwisho na bado hakuchoshi.

Pili, Image, Dark Horse na wachapishaji wengine wanaowaachia wabunifu haki zao. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa maandishi madogo, soma haki ni za nani. Likiwa ni jina la mtu badala ya kampuni, uwezekano wa kukuta wazo lililotunzwa kwa muda mrefu ni mkubwa.

Tatu, huku kwetu na jirani. Kwezi wa Loyiso Mkize, Afrika Kusini, alianza 2014: kijana wa miaka 19 wa Gold City, anayejipenda na kujirusha mitandaoni, ambaye nguvu zinamkuta kabla hajapata busara. Roye Okupe wa Nigeria ana E.X.O., hadithi ya Wale Williams, na kazi zake zimechapishwa na Dark Horse. Misri ina Qahera wa Deena Mohamed, aliyeanza mtandaoni 2013, mwanamke wa hijabu anayewashughulikia wanaowasumbua wanawake barabarani na pia wanaodhani wanawake wa Kiislamu wanahitaji kuokolewa na wageni. Sentensi yake bila nguvu inajiandika yenyewe.

Nitoe tahadhari hapa, kwa sababu uzalendo hupofusha. Shujaa mwenye joho la rangi za bendera, ngumi za chuma na kifua kama cha Superman hageuki kuwa mpya kwa kuwa amezaliwa Afrika. Mpitishe hatua zilezile. Wako wanaofaulu, na wako wanaobaki mabango.

Hatua ya nane: usidanganywe na idadi ya matoleo

Mfululizo ukifungwa mapema, watu husema shujaa hakupendwa. Lakini matoleo ya Marekani huuzwa kwa maduka kwa oda za mapema, na mwenye duka harudishi kisichouzika kwa kawaida, hivyo huagiza kwa woga, tena kabla msomaji hajagusa ukurasa hata mmoja. Kitabu kinaweza kuhukumiwa kwa oda hizo kabla ya habari zake kuenea. Kamala aliokolewa kwa kiasi kikubwa na wasomaji wa dijitali na wa majuzuu, ambao hawaonekani kwenye oda za dukani.

Nambari pia huanzishwa upya ovyo ili kuuza "toleo la 1". Ms. Marvel ilikwenda matoleo 19, ikaanza upya ikaenda 38, kisha ikaja nyingine chini ya Saladin Ahmed yenye 18. Jumlisha, ni 75 za shujaa mmoja kwa miaka saba. Squirrel Girl alifungwa toleo la 8 na kurudi mwaka uleule na namba 1 nyingine, akaenda 50.

Gharama na pa kuanzia

Kuagiza toleo mojamoja kutoka ng'ambo ni kuchoma hela. Usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kitabu. Nunua majuzuu. Image kwa miaka mingi ilikuwa ikiuza majuzuu mengi ya kwanza kwa dola 9.99 ili ikunase. Marvel Unlimited, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, ina Kamala, Lunella na Squirrel Girl mahali pamoja. Ukilipia mwezi mmoja wa likizo unawamaliza wote watatu. Qahera unasoma bure mtandaoni, kwa Kiarabu au Kiingereza.

Kama unamnunulia mtoto, anza na Moon Girl, kisha Squirrel Girl. Kijana wa sekondari mpe Ms. Marvel na Static. Invincible ina rangi angavu za katuni za watoto na damu ya machinjioni, kwa hiyo usimwachie mdogo kwa kudanganywa na jalada. Alias ilitoka chini ya MAX, nembo ya Marvel ya watu wazima, na ina kila kitu ambacho nembo hiyo inaruhusu. Iweke rafu ya juu.